Taji Lisilo na Mwenzake

Hakuna aliyemtuma Jhinuk avae taji la bwana harusi. Alilivaa mwenyewe, kwa raha zake, asubuhi ya siku ya harusi ya dada yake, mbele ya kioo cha kabati la mama yao. Nyumba nzima ilikuwa chini uani, inamenya vitunguu na kugombana, na yeye juu peke yake na lile pambo jeupe lenye ncha ndefu kama mnara wa hekalu. Mtu mwingine angelitazama akaondoka zake. Jhinuk hakuwa mtu mwingine.

Akalivaa, akatoa kifua mbele, akaanza kutembea kama Sougata, shemeji yake mtarajiwa, ambaye hutembea kama bata aliyepandishwa cheo. "Mimi ndimi mkwe wenu," akakiambia kioo kwa sauti nzito, "mhasibu wa kampuni ya saruji. Naomba mniwekee samaki upande wa tumbo." Halafu akainama kugusa miguu ya mama mkwe asiyekuwepo, na ncha ya taji ikagonga mlango wa kabati.

Kach. Kwisha habari.

Taji hilo huchongwa kwa moyo wa sola, mmea wa madimbwini, mweupe na mwepesi kama povu la sabuni. Halipindiki, hupasuka. Nusu ya juu ilikuwa inaning'inia kwa uzi mmoja, na vishada vyake vya maua meupe vimetapakaa sakafuni kama mchele.

Mlango ukafunguliwa. Aliyeingia ni Mama mdogo Bulbuli, mdogo wake mama yao, tambuu shavuni na funguo za nyumba nzima kiunoni. Alitazama taji, akamtazama Jhinuk, akaufunga mlango taratibu sana nyuma yake.

"Nimelipunguza urefu tu, Mama mdogo," Jhinuk alisema. "Bwana harusi mwenyewe mfupi. Lingemwelemea."

Mama mdogo Bulbuli hakucheka, na hilo ndilo lililomtisha Jhinuk. Mwanamke yule alikuwa anacheka hata misibani.

"Kwa akina Pal taji lilianguka tu," alisema kwa sauti ya chini. "Lilianguka, halikuvunjika. Bwana harusi hakumaliza mwaka."

"Yule si alikuwa na ugonjwa wa ini?"

"Ini lilimwanza baada ya taji." Akainama, akaanza kuokota maua yale moja moja na kuyafunga kwenye ncha ya sari yake. "Saa tisa gari linaondoka kumpelekea bwana harusi. Asipolivaa, hatoki kwao. Na hili dada yako akiliona, wewe mtoto, akiliona leo, kila kikohozi cha mumewe atakuwa anakuhesabia wewe mpaka kufa. Vaa viatu. Tunakwenda kununua majani ya tambuu, umesikia? Majani ya tambuu tu."

Chini, Madhuja, bibi harusi, alikuwa amekaa kwenye kigoda, amepakwa manjano mpaka masikioni. Alikuwa amefunga tangu alfajiri, na tumboni hakuwa na kitu ila mtindi na wali mkavu wa kupondwa aliolishwa gizani.

"Mnaenda wapi?" akauliza.

"Kukununulia mume mwingine," Jhinuk alijibu bila kusimama. "Huyu tumeona bei kubwa."

Madhuja alimrushia kibonge cha manjano, akacheka. Kicheko kile kilimfuata Jhinuk mpaka barabarani.

Kalkata ya Magh, mwezi wa baridi, huamka imejifunika. Ukungu na moshi wa majiko ya makaa vilikuwa vimelala juu ya barabara ya Chitpur, na reli za tramu ziling'aa kwa umande ingawa tramu yenyewe ilishahama siku nyingi. Wazee walikuwa wamevaa kofia za sufu zinazofunika kichwa chote na kuacha macho na pua. Jhinuk kwa kawaida huwainulia mikono juu, kana kwamba ni majambazi. Leo aliwapita tu. Wapagazi walishuka kutoka Barabazar na marobota vichwani, wakipiga kelele, "Chunga kichwa! Chunga!" na watu wakiwapisha kwa mabega bila kuangalia.

Duka la kwanza karibu na Soko Jipya lilikuwa la Nitai, fundi wa sola kama baba yake na babu yake. Ndiyo kwanza alikuwa amefungua. Amenyunyiza maji kizingitini, ubani unafuka mbele ya picha ya Lakshmi, mungu wa kike wa neema, na hajauza hata ua. Alipowaona aliunganisha viganja.

"Karibuni, karibuni! Leo Lakshmi mwenyewe kanitumia wateja wa kwanza. Harusi ya nani, mama? Ya huyu binti?"

"Mimi bado natafuta kipofu," Jhinuk alisema. "Ni ya dada yangu. Tunataka taji la bwana harusi. Zuri, lisiwe na ncha ya kutoboa dari."

Nitai alicheka, akapanda kwenye kigoda, akashusha boksi lililofunikwa nailoni. Ndani yalikuwemo mawili, la kiume refu na la kike dogo, yamefungwa pamoja kwa uzi mwekundu.

"La kike tunalo," alisema Mama mdogo Bulbuli. "Tupe hili tu."

Mkono wa Nitai ukasimama hewani.

"Mnalo?"

"Tunalo."

"Na la kiume lake liko wapi?"

Jhinuk alijua anatakiwa kunyamaza. Mdomo wake haukujua. "Bwana harusi kalila. Alikuwa na njaa."

Hakuna aliyecheka. Nitai aliteremka kwenye kigoda pole pole, boksi kifuani. Uso wake haukuwa wa hasira, ulikuwa wa mtu aliyeona nyoka chini ya kitanda na hataki kumshtua.

"Mama," alimwambia Mama mdogo, kana kwamba Jhinuk ameshatoka, "mimi sijauza kitu tangu nifungue. Mauzo yangu ya kwanza yawe haya? Na hili la kike litakalobaki nimuuzie binti wa nani? Akiniuliza la kiume lake liko wapi nimwambie nini?"

"Hakuna atakayeuliza. Funga uzi, tuondoke."

"Nisamehe, mama. Mungu awe na bwana harusi wenu."

Walipotoka Jhinuk aligeuka. Nitai alikuwa ameshika kopo, ananyunyiza tena maji kizingitini, pale pale waliposimama.

"Tununue jozi basi," Jhinuk alimnong'oneza mama yake mdogo. "La kike tulitupe mtoni."

"Mataji mawili ya kike na bwana harusi mmoja? Unamtafutia dada yako mke mwenza?"

"Basi tutupe lile la nyumbani."

"Lile limelala mbele ya miungu wa nyumba na jina la Madhuja limeshatajwa juu yake. Utalitupa na jina lake?" Mama mdogo Bulbuli alitema tambuu mtaroni. "Nyamaza. Tembea."

Wakatembea. Duka la pili mwenyewe alisema ana jozi tu, tena hakuwatazama usoni. La tatu walikuta mwanamke mnene amekaa katikati ya masufuria ya shaba na mataji, anakula kachori. Hata salamu hawakumaliza.

"Nyinyi ndio mnaotafuta la upande mmoja?"

"Nani kakwambia?" Jhinuk aliuliza.

"Soko lina miguu, binti." Aliweka kachori yake chini. "Sitaki kuwauliza kilichotokea. Ila msije mkasimama hapo kwenye kivuli cha mali yangu. Sogeeni kidogo. Hivyo. Ahsante."

Wapagazi walikuwa wamelibeba neno haraka kuliko marobota. Jhinuk aliliona likiwatangulia. Mbele yao muuzaji wa bangili alikunja kitambaa juu ya bangili nyeupe za bibi harusi, kama anafunika chakula wakati wa vumbi. Kijana wa duka la masari alikuwa anaita kila mwanamke, "Njoo dada, tazama bure!", lakini walipofika usawa wake akapata kazi ya kufunga kamba ya kiatu. Kwa muuza chai Jhinuk alinyoosha mkono kupokea kikombe cha udongo, na mzee akakiweka chini, ukingoni mwa barabara, akarudisha mkono wake haraka.

"Babu, mimi sina ukoma."

"Kunywa tu, mjukuu wangu. Usinilipe."

Chai ya bure Kalkata! Siku nyingine angeisimulia mwezi mzima. Leo aliinywa, akaondoka.

Saa sita ikapita. Wakavuka kuingia Barabazar, kwenye vichochoro ambavyo jua huonekana kwa kuombwa, pilipili zinamwagwa huku, vitambaa vya dhahabu vinakunjuliwa kule, kila mtu anapiga chafya na kila mtu anapatana bei. Jhinuk alikuwa anapapenda mahali hapa kuliko sinema. Angeweza kubishana na muuza giligilani mpaka akapewa na limau juu yake. Sasa ndani ya kelele zile alikuwa anasikia mahali ambapo kelele inakatika: hatua chache mbele yao, na hatua chache nyuma.

Akapata wazo. Ng'ambo ya Chitpur kuna ofisi za vikundi vya maigizo, na karibu nazo duka moja lenye mataji dirishani. Alimwacha Mama mdogo mlangoni, akaingia anatabasamu.

"Mjomba, nataka taji moja la kiume. Ni la mchezo wa kuigiza."

Mwenye duka, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliinua macho. "Mchezo gani?"

"Wa bwana harusi anayechelewa."

"Kikundi gani?"

"Kipya."

"Ya maigizo ni ya karatasi, binti. Sola haipandi jukwaani. Kila mwigizaji mtaani hapa anajua." Alivua miwani. "Una ndugu?"

"Ninaye dada."

"Basi apa kwa kichwa cha dada yako kwamba ni la mchezo. Apa, nikupe sasa hivi. Nitakupunguzia na bei."

Jhinuk alifungua mdomo. Tangu azaliwe mdomo ule haujawahi kumwangusha. Ulimtoa kwenye adhabu za shule, ulimtoa hata kwa askari wa barabarani siku ya pikipiki. Ulikaa wazi, hakuna kilichotoka. Alimwona Madhuja amekaa kwenye kigoda na manjano masikioni, anacheka. Akaufunga.

"Ahaa," alisema yule mtu taratibu, akavaa miwani yake.

Nje, Mama mdogo Bulbuli alikuwa ameketi kwenye ngazi ya duka lililofungwa, viatu pembeni, miguu imevimba. Alionekana mzee ghafla. "Turudi," alisema. "Nitasema mimi ndiye niliyelivunja. Mimi mjane tayari. Watasema ni kivuli changu, basi, yaishe."

Maneno hayo yalimkata Jhinuk kuliko yote ya siku ile. Mama mdogo alikuwa hagusi hata sahani ya harusi. Wiki nzima alifanya kazi zote kwa mbali, anaelekeza kwa kidole, ili mtu asije akasema mjane kaleta nuksi. Na kweli wangesema.

"Kaa hapa," alimwambia. "Kichochoro kimoja tu. Nisipopata, turudi, nami nitasema mwenyewe."

Alishika njia iliyo nyuma ya soko la shaba, ile inayoteremkia mtoni. Alijua inakoelekea. Kila mtu wa upande ule wa mji anajua. Huku juu ni maduka ya harusi: mataji, mikeka ya kuchorwa, sinia za samaki wa kupambwa. Ukishuka yanaanza kupungua, na maduka mengine yanaanza kujitokeza kati yao: sanda mpya, samli ya makopo, ubani wa fungu, machela za mianzi zimeegemezwa ukutani. Mwisho wake ni Nimtala, penye tanuri za maiti. Maua ndiyo hayabadiliki. Yale yale meupe ya harufu nzito yanayofunika gari la bwana harusi huku juu, ndiyo yanayofunika marehemu kule chini, na muuzaji ni huyo huyo.

Katikati kabisa, pale ambapo huwezi kusema umeshatoka harusini au umeshaingia msibani, kulikuwa na duka dogo. Juu ya mlango limeandikwa HARADHAN. Mwenyewe alikuwa ndani, kofia ya sufu mpaka kidevuni, anafunga ubani.

"La kiume peke yake," Jhinuk alisema. Hakuongeza salamu wala mzaha. Alikuwa amechoka.

"Ninalo," alisema Haradhan.

Alisema kama mtu aliyeulizwa chumvi. Akapanda ngazi ya mbao, akatoa kifurushi cha magazeti kwenye rafu ya juu, akakifungua na kupuliza vumbi.

Jhinuk alikuwa hajaona taji zuri kama lile. La nyumbani lilikuwa kifuniko cha sufuria mbele yake. Kila ua lilichongwa na mishipa yake, njiwa wawili ubavuni, na weupe wake haukuingia manjano hata kidogo. Aliweka mkono juu yake kwa furaha. Kisha akauliza, kwa sababu siku nzima alikuwa ameulizwa yeye:

"La kike lake liko wapi?"

Haradhan aliendelea kukunja magazeti.

"Wakati wa mvua alikuja mtu. Miguu mitupu, kama mfiwa. Akasema, nipe la bibi harusi tu. Nami sikumwuliza. Mwanamume akija kununua lile peke yake, miguu mitupu, huulizi. Binti yake alikuwa aolewe mwezi huu wa Magh. Homa. Hakutaka aondoke bila kuvikwa." Akaonyesha kwa kidevu, kule njia inakoteremkia, ambako moshi ulikuwa umesimama wima juu ya mapaa. "Alilivaa. Limekwenda naye motoni. Hili likabaki."

Jhinuk aliondoa mkono wake juu ya taji.

"Na wewe huogopi kukaa nalo?"

"Mwanangu, mimi nauza pande zote mbili." Alimtazama kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa ya upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko maji ya Nitai. "Ukitaka, liache. Lakini najua umezunguka tangu asubuhi. Na hakuna mwingine mwenye la peke yake soko zima. Yeyote aliye nalo, amelipata kama mimi."

Alitaja bei. Jhinuk, aliyebishana na wauza giligilani, alilipa bila neno.

"Kwa nani?" Mama mdogo Bulbuli aliuliza alipoliona. Aliinuka bila viatu.

"Fundi mmoja. Alikosea hesabu, akatengeneza la kiume moja zaidi."

"Alikosea."

"Kofia imemziba macho, Mama mdogo. Wanaume wa baridi hii unawajua."

Mama mdogo alimtazama. Jhinuk aliona jinsi alivyotaka kuamini, jinsi alivyoichukua ile imani kwa mikono miwili kama mtu anayepewa maji. Hakuuliza tena. Wala hakuuliza kwa nini Jhinuk alikuwa ametokea njia ya mtoni.

Gari lilikuwa linapiga honi walipofika. Binamu yao alilipokea taji, akaliweka kiti cha mbele, akalifunga mkanda kama abiria. Watu wakacheka. Kutoka ukumbini Madhuja aliita, "Jhinuk! Njoo hapa."

Alikuwa ameshavikwa sari nyekundu, wanawake wawili wanamchora nukta nyeupe juu ya nyusi. Taji lake dogo lilikuwa mapajani.

"Mbona kimya? Njaa inaniua, nichekeshe."

"Dada..."

"Eeh?"

Honi ililia tena. Mlangoni Mama mdogo Bulbuli alikuwa amesimama, amejiweka mbali kama kawaida yake, ameshika fremu kwa mkono mmoja. Muda ulikuwa bado upo. Neno moja tu, na mtu angekimbia kulisimamisha lile gari. Sougata asingetoka kwao jioni ile, watu wangeuliza, na vidole vingeanza kumtafuta mjane wa nyumba. Jhinuk akamgeukia dada yake.

"Lile taji," alisema. "Litamkaa vizuri."

"Kichwa chake kikubwa lakini."

"Litamkaa."

Gari liliondoka.

Ikaja magharibi, na taa, na vigelegele, na makombe ya bahari yanapulizwa mpaka madirisha yanatetemeka. Lilimkaa kweli. Wanawake wote walisema hawajaona bwana harusi aliyependeza hivyo. Hata ule mwendo wa bata ulikuwa umemwacha. Alitembea taratibu, wima, kama mtu anayeelekezwa. Jhinuk alisimama nyuma ya mama yake, vidole vimeshikana, anamtazama uso tu.

Binamu walimbeba Madhuja juu ya ubao, majani ya tambuu usoni, wakamzungusha, wakamsimamisha mbele ya mumewe. "Tazamaneni! Tazamaneni!" umati ukapiga kelele. Madhuja aliteremsha majani, uso wake umejaa haya na furaha. Sougata akainua macho. Yalipita juu ya uso ule, hayakutua, yakaenda kidogo kushoto kwake, usawa wa bega, na hapo ndipo alipotabasamu.

"Anaona haya!" wanawake wakacheka. "Mtazame, hawezi hata kumwangalia!"

Jhinuk aliangalia kushoto kwa dada yake. Kulikuwa na sakafu tu, na petali chache nyeupe.

Wakakalishwa mbele ya moto, kila mmoja kwenye kigoda chake. Kuhani akaanza kusoma. Madhuja alikuwa upande wa kulia wa mumewe. Sougata alikaa kidogo, kisha, kwa adabu, bila kumwangalia mtu, akajisogeza kumwelekea Madhuja na kuvuta upindo wa nguo yake, akaacha nafasi upande wake wa kushoto, kama mtu anayempisha mwingine akae.

"Anamtaka karibu!" mtu akapiga kelele, na ukumbi mzima ukaangua kicheko na vigelegele upya.

Nyuma kabisa, penye kiti chake cha mbali, Mama mdogo Bulbuli ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyamaza. Alikuwa anamtazama Jhinuk.